Ng'ombe Walirudi, Ndoa Ikabaki

Sifuna alijua kwamba bado ana mke siku ya Jumamosi moja asubuhi, akiwa amevaa ndara na shati la kazini lililoachia mshono wa mkono, anafua soksi zake kwenye karai nje ya chumba alichopanga huko Kiganjo, Thika. Habari yenyewe ililetwa na huyo mke.

Alimwona akiingia langoni. Wanawake waliokuwa kwenye mfereji walinyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyozimwa. Viola hakuwageukia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye karai, akasimama.

"Hodi hapa."

"Karibu," Sifuna alisema. Soksi ilikuwa bado mkononi, inadondosha maji juu ya kidole chake cha mguu.

Alikuwa hajamwona tangu Pasaka ile aliyoondoka, na Pasaka nyingine tatu zilikuwa zimepita tangu hapo. Hakuwa amekonda, kama Sifuna alivyokuwa akitamani siku za hasira. Wala hakuwa amenenepa kama mtu aliyepata raha kwingine, jambo aliloliogopa siku za upweke. Alikuwa Viola yule yule, mrefu, mwenye macho ya kupima. Rinda lake alilishona mwenyewe. Sifuna alijua, maana Viola hutia mfuko upande wa kushoto, na hajawahi kueleza kwa nini.

"Umeamkaje, Sifuna?"

"Nimeamka. Na wewe, Nafula?"

"Usiniite hivyo. Hilo lilikuwa jina la nyumbani. Nimekuja kwa kazi, si kwa mazungumzo."

"Hata kazi mtu huieleza akiwa ameketi."

Alimletea kigoda. Viola aliketi, akaiangalia mikono ya Sifuna, na kabla hajajizuia maneno yakamtoka.

"Wiki hii ni maruni."

"Sare za shule," Sifuna alijibu.

Wote wawili wakatazama pembeni. Sifuna alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, upande wa kutia rangi, na rangi ya wiki hiyo hukaa kwenye kucha mpaka rangi ya wiki inayofuata ije kuitoa. Siku walizokuwa pamoja, Viola alikuwa akimfungulia mlango, anashika mikono yake kabla ya salamu, anaitaja rangi. Ulikuwa mchezo mdogo tu. Lakini mtu akiishi peke yake, ni vitu vidogo kama hivyo vinavyomnyima usingizi.

"Nataka kuolewa," Viola alisema.

Sifuna aliikamua ile soksi mpaka ikabaki kavu.

"Na nani?"

"Anaitwa Ndambuki. Alifiwa na mke. Ni msimamizi kwenye machimbo ya mawe, Juja. Mtu mpole."

"Hongera."

"Usinipongeze bado. Tulienda kwa mchungaji wake kuandikisha. Mchungaji akaniuliza kama nimewahi kuolewa. Nikasema ndiyo, lakini ng'ombe wa mahari walirudishwa. Akauliza, hiyo ndoa mlifungia wapi? Nikamwambia kanisani, Kimilili, tukapewa na cheti. Akavua miwani. Akasema, mama, wewe bado ni mke wa mtu. Nikimfungisha huyu ndoa na wewe, sote watatu tunaenda jela."

Ng'ombe walirudi kweli. Mwaka ule ule Viola alipoondoka, kaka yake Wamalwa pamoja na baba zake wadogo waliwaswaga mpaka kwa akina Sifuna, wazee wakaketi, busaa ikanywewa, ikasemwa kwamba huyu si wenu tena na yule si wetu tena. Kila mtu akaenda kulala akijua jambo limekwisha. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kulikuwa na cheti chenye mhuri, kimelala ndani ya sanduku pamoja na kadi za ubatizo. Wazee walifungua mlango wa zizi wakadhani wamefungua na wa kanisa.

"Kwa hivyo," Sifuna alisema polepole, "wewe ni mke wangu."

"Kwa karatasi tu."

"Hata noti ni karatasi."

"Sifuna, usinianze." Lakini pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. "Kuna wakili pale mjini, anaitwa Kagwe. Tutaenda Jumanne, mimi na wewe, tumwambie tumekubaliana tuachane. Atupe karatasi ya kuvunja ile karatasi nyingine. Watu wawili wazima wakikubaliana, nani atawakataza?"

Sifuna hakutaka kuachana na mtu. Lakini kukataa kungekuwa na maana kwamba hatamwona Jumanne.

"Nitakuja," alisema.

*

Ofisi ya Kagwe ilikuwa juu ya duka la viatu, si mbali na korti ya Thika. Viola alifika na Wamalwa, kaka yake, ambaye alikuwa amevaa koti zito kama mtu anayekwenda kupokea wageni wa matanga.

"Shemeji wa zamani," Wamalwa alisalimia bila kutoa mkono.

"Serikali inasema bado niko."

"Leo utatoka."

Kagwe alikuwa mtu mfupi, miwani juu ya paji la uso, anakula nduma na chai. Aliwatazama wote watatu wakijipanga mbele ya meza yake, akaonyesha viti kwa kipande cha nduma.

"Ni nani kati yenu ana shida?"

"Ni sisi wawili," Viola alisema. "Tunataka talaka. Tumekubaliana."

Kagwe aliacha kutafuna. "Haiya! Mama, hilo neno usilirudie humu ndani. Nani amekubaliana na nani?"

"Mimi na yeye."

"Ngai! Na mmepanda ngazi pamoja, watu wakiwaona." Aliweka nduma chini. "Sikilizeni. Mkienda mbele ya hakimu mkasema mmekubaliana, anawafukuza. Hiyo inaitwa kula njama. Korti haipendi watu waliopatana."

Wamalwa alikasirika kwa niaba ya ukoo mzima. "Kwani kupatana ni dhambi? Sisi nyumbani wazee waliketi, wakapatana, ng'ombe wakarudi."

"Na hao ng'ombe walirudi vizuri. Kama hawa wangeoana kwa mila peke yake, mngekuwa mmemaliza. Lakini walikwenda kanisani wakaandikwa. Kuoana ni makubaliano, mzee. Kuachana, kwa ndoa ya kanisa, ni kesi. Lazima awepo anayelalamika na anayelalamikiwa. Mmoja awe amekosa. Kama hakuna aliyekosa, hakuna talaka."

"Amekosa nini?" Viola aliuliza.

"Sheria inayajua makosa machache tu. Uzinzi. Ukatili. Kumtoroka mwenzako miaka mitatu au zaidi bila sababu. Ama mmoja awe na wazimu ambao madaktari wamesema hauponi. Nje ya hayo, nyinyi ni mume na mke mpaka mmoja azikwe."

Wamalwa alimtazama Sifuna kwa matumaini, kama anayetafuta dalili za wazimu.

"Tuanze na lile rahisi," Kagwe alisema. "Bwana, una mwanamke?"

Sifuna aliangalia kucha zake. "Sina."

"Miaka yote hii? Hata mmoja wa kupita njia?"

"Hata huyo."

"Mwongo," Wamalwa alinong'ona.

Viola alikuwa ameelekeza uso dirishani. Alipogeuka, macho yao yalikutana, yakakaa muda mrefu kidogo kuliko ilivyotakiwa kwa watu waliokuja kuachana.

"Na wewe, mama? Huyo bwana wa Juja?"

"Hajanishika hata mkono. Ni mtu wa kanisa."

"Vizuri kwa roho. Vibaya kwa kesi."

"Andika nilizini," Sifuna alisema ghafla.

"Na nani?" Viola aliuliza, tena kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Yeyote."

"Yeyote hana anwani," Kagwe alisema. "Huyo mwanamke lazima atajwe, apelekewe karatasi za korti, aje kujibu."

"Nishike Biblia niseme umelala na mtu ambaye hayuko?" Viola alimgeukia Sifuna. "Mimi? Unanijua vibaya hivyo?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Ndiyo shida yako. Unasaidia watu bila kuwauliza."

Hilo lilipita kichwani mwa Wamalwa na Kagwe bila kugusa kitu. Sifuna lilimkaa kifuani.

Kagwe alipangusa vidole. "Ukatili, je? Alikuwa anakupiga?"

"Hapana."

"Matusi?"

"Hata hayo. Huyu akikosa hunyamaza. Unamwuliza, ananyamaza. Unalia, ananyamaza. Heri angetukana, ningejua kuna mtu ndani."

"Mama, kunyamaza kungekuwa ukatili, nusu ya wanaume wa Thika wangekuwa kortini leo." Alishusha miwani machoni. "Nani alitoka nyumbani?"

"Mimi."

"Ulirudi hata siku moja?"

"Sikurudi."

"Na imepita miaka mitatu. Basi kesi tunayo!" Alisugua mikono. "Lakini si yako. Ni ya bwana. Aliyetorokwa ndiye hushtaki, aliyetoroka hawezi kufaidika na utoro wake. Bwana huyu atashtaki kwamba mkewe alimtoroka. Wewe hutajibu kitu. Hakimu atasikiliza, atatoa hukumu ya kwanza, mtangoja miezi kadhaa, kisha inatoka ya mwisho. Hapo unaweza kwenda Juja na tarumbeta."

Sifuna alihisi kama mtu aliyeambiwa achimbe kaburi na alale humo mwenyewe. Yeye, ambaye hakutaka talaka, ndiye angepaswa kuiomba.

"Sasa mama na kaka yako mtoke nje," Kagwe alisema. "Mimi ni wakili wa mtu mmoja. Kaeni pale kwa Hayat."

Hayat alikuwa msichana wa kupiga chapa. Ukuta uliotenganisha meza yake na ofisi ya Kagwe ulikuwa wa plaiwudi, haukufika darini, na sauti ya taipu ilikuwa ikiingia ndani kama mvua kwenye mabati. Viola na Wamalwa walitoka wakaketi kwenye benchi.

Kagwe alichukua kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti. Mlalamishi ni nani, kazi yake, makao yake. Mlalamikiwa ni nani. Walioana wapi. "Na kwamba mlalamikiwa alimtoroka mlalamishi bila sababu yoyote ya haki, na hajarudi mpaka leo." Aliinua macho. "Hayo utayaapia kwamba ni kweli. Sawa?"

Sifuna aliitazama ile karatasi.

"Bwana?"

"Hilo neno. Liondoe."

"Lipi?"

"Bila sababu."

"Nikiliondoa hilo hakuna kesi. Hilo ndilo kesi yenyewe."

"Alikuwa na sababu."

Kagwe aliegemea kitini, akangoja. Wakili mzee hujua wakati wa kungoja.

"Alikuwa na cherehani," Sifuna alianza. "Ya miguu. Aliinunua kabla hajanijua, kwa kushona mashuka ya watu kwa mkono. Aliipenda kuliko chochote ndani ya ile nyumba, na mimi nilijua. Dada yangu Nekesa aliachwa na mumewe, akarudi kwa mama bila kitu. Mama akaniambia, wewe una cherehani kwako, na huku dada yako anakaa bure. Jumapili Viola alikwenda kanisani. Mimi nikasema kichwa kinauma. Nikaifunga cherehani kwa kamba, nikaipandisha kwenye basi. Aliporudi alikuta alama nne kwenye simiti."

"Akasema nini?"

"Hakupiga kelele. Nilimwambia nitamnunulia nyingine. Akaniuliza swali moja tu: 'Ulimwuliza nani?' Sikumjibu. Akauliza tena kesho yake. Wiki nzima akaniuliza hilo hilo, na mimi sikumjibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Pasaka akaondoka. Watu wakasema ni kwa sababu hatukujaliwa mtoto. Nikawaacha waseme. Ilikuwa rahisi kwangu wakisema hivyo." Akakwangua rangi kwenye kucha. "Wewe niandikie chochote. Lakini siwezi kuinua mkono niseme aliondoka bila sababu."

Ndipo alipogundua kwamba kule nje sauti ya taipu ilikuwa imekoma.

Kagwe aliweka kalamu. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Bwana, nimekaa kwenye hiki kiti miaka mingi. Umeua kesi yako, na papo hapo umezaa ya mkeo."

"Namna gani?"

"Mume akimfanyia mke jambo lisilovumilika, mke akaondoka, sheria haiangalii nani alishika mlango. Inaangalia nani alimsukuma. Mtoro anakuwa ni yule aliyebaki nyumbani. Cherehani ilikuwa riziki yake, ukaipeleka bila idhini, ukakataa hata kumjibu. Ni kesi nyembamba, sikudanganyi, hakimu mwingine angeitupa. Lakini ukisema kortini kama ulivyosema hapa, inaweza kusimama." Akapaza sauti. "Mama! Ingia."

Viola alikuwa tayari amesimama mlangoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Hata wale wa duka la viatu wamesikia."

Nyuma yake Wamalwa alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeambiwa leo kitu alichopaswa kuambiwa zamani. "Ni cherehani?" alimwuliza dada yake. "Viola, ulituambia mmeshindwana tu. Tulirudisha ng'ombe bila kujua ni kwa nini?"

"Ningesema nini? Nimeacha mume kwa sababu ya chuma? Mama angenirudisha siku hiyo hiyo."

Kagwe aligonga meza. "Hayo ya nyumbani mtayasemea nyumbani. Mama, kesi sasa ni yako. Ukitaka, nitaiandika, utatia sahihi, nitaipeleka kortini. Bwana, wewe utatafuta wakili wako, ama usitafute. Lakini nawaonya jambo moja. Kuanzia leo mkirudiana, mkalala nyumba moja kama mume na mke, sheria inasema wewe mama umemsamehe. Kosa lililosamehewa halishtakiwi. Kesi imekufa hapo, wala mimi siwezi kuifufua."

"Hilo halitatokea," Wamalwa alisema.

Kagwe alimtazama Sifuna, kisha Viola, akarudi kwenye nduma yake.

Kwenye ngazi Wamalwa alitangulia. Viola alishuka hatua mbili, akasimama bila kugeuka.

"Sifuna. Ilibidi uulizwe na wakili?"

Alitaka kunyamaza. Miguu, mikono, kila kiungo chake kilikuwa kimezoea kunyamaza. "Uliniuliza nilimwuliza nani," alisema. "Sikumwuliza mtu. Hilo ndilo jibu."

"Limechelewa."

"Najua."

Viola alitikisa kichwa, akaendelea kushuka. Lakini alishuka polepole, mkono ukiteleza juu ya ukingo wa ngazi, kama mtu anayeangalia ubora wa kitambaa.

*

Ijumaa iliyofuata Sifuna aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la kwenda magharibi. Mama yake alimpokea kwa uji na kwa furaha, mpaka alipoona amebeba kamba.

"Hiyo kamba ni ya nini?"

"Nimekuja kuchukua cherehani ya Viola."

Mama aliweka kata chini. "Ya nani? Huyo ambaye ng'ombe wake walirudi? Umnyang'anye dada yako, umpelekee mwanamke anayetaka kuolewa kwingine? Sifuna, nani amekuroga huko Thika?"

"Mama, niliileta hapa na haikuwa yangu."

"Ulikuwa mume wake! Cha mke ni cha nani?"

"Ni cha mke."

"Nani alikuzaa, mimi ama yeye?"

"Wewe, mama. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Yeye angeweza kuniletea askari."

Mama alilia, akatukana ukoo wa akina Viola, kisha akamtukana marehemu baba yake Sifuna ambaye hakuwa na hatia yoyote katika jambo hilo. Ni Nekesa aliyemaliza maneno. Alitoka chumbani akiwa ameshika kopo la mafuta ya cherehani.

"Ichukue, kaka," alisema. "Mimi nilikuwa naijua ni ya nani. Kila nikikanyaga, aibu ilikuwa inanipanda miguuni. Nimeshapata kazi ya kupika pale shuleni. Ichukue, na umwambie niliitia mafuta kila Jumamosi."

*

Jumapili mchana Sifuna alisukuma mkokoteni wa kukodi ndani ya mtaa wa Gatongora, Ruiru. Cherehani ilikuwa imefungwa kwa gunia na ile kamba ya zamani. Nyumbani kwa Wamalwa, alikoishi Viola, watu walikuwa wametoka kanisani, chai ikiwa bado mezani. Wamalwa alikuja mpaka langoni, akasimama katikati ya njia na mikono kiunoni.

"Wakili alisema msionane."

"Alisema tusilale nyumba moja. Mimi nimeleta mzigo."

Wamalwa aliuangalia ule mzigo, umbo lake chini ya gunia, miguu minne ya chuma ikichungulia. Kisha akapisha njia, tena akashika upande mmoja. Waliiinua cherehani wote wawili, wakaitua barazani.

Viola alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye kanga. Alipoona miguu ile ya chuma alisita mlangoni. Hakusema asante. Alifungua kamba mwenyewe, fundo kwa fundo. Akaufuata mkanda kwa kidole, akazungusha gurudumu, akanusa mafuta. Kisha akaketi, akatafuta kipande cha kitambaa mfukoni, ule mfuko wa kushoto, akakanyaga.

Cherehani ilianza kuimba. Mshono ulitoka umenyooka, mdogo mdogo, safi.

"Nekesa ameitunza," alisema.

"Kila Jumamosi. Alisema nikuambie."

"Na mama yako?"

"Amelia. Atanyamaza." Sifuna alikunja lile gunia, akalikunja tena. Mtu asiyezoea kusema huhitaji kitu cha kushika. "Viola, sikuja kukubembeleza. Hii ni yako, ingekuwa yako hata ungekuwa umeshaolewa. Kesi iendelee. Nitakuja kortini, nitasema kama nilivyosema pale. Sitabadilisha hata neno moja. Huyo bwana wa Juja asingoje bure."

Aligeuka. Alikuwa ameshafika kwenye mkokoteni aliposikia cherehani imenyamaza.

"Ndambuki alikuja Jumatano," Viola alisema.

Sifuna alisimama.

"Nilimwambia atafute mwanamke asiye na kesi. Ni mtu mzuri. Hastahili mke anayesikiliza nyuma ya plaiwudi huku anatetemeka."

"Kwa hivyo umeiacha? Hiyo kesi?"

"Nani amekuambia nimeiacha? Nilitia sahihi Alhamisi. Iko kwa Kagwe, imekamilika, ila hajaipeleka kortini. Nimemwambia aikalie kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue ni nani huyu aliyekuja leo. Yule wa zamani namjua. Siku nikikuuliza kitu ukaninyamazia, Sifuna, nitapanda zile ngazi, na sitakuaga. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sikuuliza masikio. Nauliza wewe."

"Nimesikia, Nafula. Sitakunyamazia."

Jina lilikuwa limemtoka kabla hajalikamata. Alingoja akemewe. Viola aliinamisha uso, akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Naam," alisema.

Ndani ya nyumba Wamalwa alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu mwenye nyumba. "Viola! Ndiyo mmerudiana ama namna gani? Nijue, maana ng'ombe wale sina nguvu ya kuwaswaga mara nyingine!"

"Hatujarudiana, kaka. Bado nina kesi." Alinyanyuka, akaja mpaka pale mkokoteni uliposimama. Bila kuomba ruhusa alishika mkono wa Sifuna, akaugeuza kwenye mwanga. Maruni ilikuwa imeanza kutoka kwenye kucha. Vidole vyake vilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani. "Kagwe alisema tukilala nyumba moja kesi inakufa."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi nenda ukalale Kiganjo. Kesho uko zamu gani?"

"Ya usiku."

Viola alitia kidole kwenye mshono ulioachia wa shati lake, akaupima urefu kwa jicho, kisha akamwachia mkono.

"Uje mchana na hilo shati," alisema. "Mchana sheria haikusema kitu."